Hubara wa Haji Lakhdar

Ufunguo wa gari langu ulikuwa mfukoni mwa Shangazi Tamou, na Shangazi Tamou alikuwa ameukalia mfuko huo. Alikuwa mwanamke mnene mwenye furaha, na pale alipotulia juu ya godoro la sebule yake mjini Meknes, hakuna askari ambaye angethubutu kumwinua. Gari lilikuwa nje, limeelekezwa njia ya milimani. Baba alikuwa amekwisha vaa viatu. Mimi nilisimama katikati ya zulia, mkono nimeunyoosha mbele kama mtoto anayeomba peremende.

"Shangazi, nipe ufunguo."

"Kula kwanza."

"Tumekula."

"Mmekula nini? Mmedonoa. Mnafuata ndege mpaka na nyinyi mmekuwa ndege. Haraka haraka haina baraka, Ghizlane."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Ndiyo maana nakwambia ule!"

Sebule nzima iliangua kicheko, na Baba akacheka pamoja nao huku akianza kuvua viatu. Mimi sikucheka. Nilimtazama akipapasa kamba za kiatu kwa vidole, macho yake yakiangalia ukutani.

Nilikuwa na sababu ya kuwa na haraka, na katika chumba kile sababu hiyo tuliijua wawili tu. Daktari wa Rabat alikuwa amemwambia Baba kwamba presha ya macho imekwisha kula sehemu kubwa ya kuona kwake, na kwamba kilichobaki kisingefika msimu wa kuchuma zeituni. Mimi ni mfamasia. Matone aliyoandikiwa nilikuwa nikiwauzia wazee wa Larache, mji wetu wa pwani, mwaka hata mwaka, nikijua vizuri kwamba yanachelewesha tu, hayarudishi kilichokwenda. Baba alikuwa akiuona ulimwengu kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na hata mwisho wa bomba hilo kulikuwa na ukungu. Akanikataza kumwambia mtu yeyote. "Mtu hatembelei watu na ugonjwa wake mkononi," alisema, na kwa Baba neno la namna hiyo likishatoka halirudi.

Alikuwa mwalimu wa jiografia, Bwana Bouselham Zerhouni, na nusu ya mji ilipita mikononi mwake. Wanafunzi walimkumbuka kwa ramani. Mimi namkumbuka kwa ndege. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akinichukua kila Jumapili mpaka kwenye wangwa, tukalala kifudifudi kwenye matope, darubini ikipokezanwa, na ole wangu nikikohoa. Nchi yetu aliisoma kwa mabawa: pwani kwa heroe, milima kwa tai, mapaa ya misikiti kwa korongo. Alikuwa amewaona karibu wote. Aliyemponyoka ni hubara.

Na hubara huyo alikuwa amemkosa mahali pale pale alipopaswa kumpata. Kituo chake cha kwanza cha kazi, angali kijana asiye na mke, kilikuwa kule mashariki, kwenye uwanda wa juu, mahali pasipo mti wala kivuli isipokuwa chako mwenyewe. Sokoni kule aliwaona hubara wakining'inizwa miguu juu, shingo zimelegea, mabawa yamefunguka. Ndege mkubwa, jamaa wa tandawala, rangi ya vumbi mgongoni na mweupe kifuani. Wachungaji wakamwambia kwamba dume, majira ya kuchipua, hucheza: huinua manyoya yote meupe ya shingo yakamfunika kichwa, akakimbia uwandani bila kuona anakokwenda. Baba alikesha baridini na kuamka alfajiri zisizo na idadi, asimwone. Kisha akahamishwa. Kisha akaoa, akapata watoto, na uwanda ukabaki huko ulikokuwa.

"Huyo bado nitaweza kumwona," aliniambia siku tuliyotoka kwa daktari. "Mkubwa, mweupe, anakimbia mahali patupu. Hata kipofu anaweza."

Nikaomba likizo, nikapaki darubini, na tukakubaliana tusimame mara moja tu njiani, kwa adabu, kwa dada yake.

Adabu! Ningeweza kuandika kitabu juu ya neno hilo na nisilitaje hata mara moja kwa wema. Shangazi Tamou alitoa ufunguo asubuhi ya pili, baada ya kuchinja, kupika, kulisha, kulaza, kuamsha na kulisha tena. Na usiku huo huo, mimi nikiwa jikoni nahojiwa lini nitaolewa, Baba alimpigia simu mwenyeji wetu wa mwisho kumwomba radhi kwa kuchelewa.

Mwenyeji huyo alikuwa Haji Lakhdar, mkwe wetu. Kaka yangu Redouan alimwoa binti yake, na tangu harusi alikuwa akituma salamu na kondoo, na kulalamika kwamba hatujawahi kuinamisha vichwa kupita mlango wake. Alikuwa na mifugo huko huko uwandani, na ndiye aliyemwambia Baba siku ya harusi kwamba nyuma ya kilima chake kuna hubara dume anayecheza mahali pamoja kila mwaka, tangu mwaka gani Mungu ndiye ajuaye.

"Umemwambia nini?" nilimuuliza Baba tulipotoka Meknes.

"Nimemwambia tunachelewa kidogo."

"Na nini tena?"

"Na kwamba nimekuja safari yote hii kwa ajili ya hubara wake, nimwone akicheza. Unataka niwaangukie watu kama mvua, bila taarifa?"

"Na yeye amesema nini?"

"Amesema, 'Usijali, mkwe. Hubara atakungoja mlangoni.'" Baba alicheka kwa furaha. "Ana maneno, mzee yule."

Katika misitu ya mierezi juu ya Azrou tulisimama kunyoosha miguu. Hewa ilikuwa kali na safi, theluji ilikuwa imebaki vipande vipande chini ya miti. Kigogota alianza kugonga juu yetu, karibu kabisa, nikamwona: kijani, utosi mwekundu, anazunguka shina kama fundi anayetafuta ufa. Nikamshika Baba bega, nikamwelekeza. Aliinua darubini, akaishika imara kama alivyonifundisha mimi kuishika.

"Umemwona?"

"Naam, naam. Mzuri kweli."

Alikuwa akiangalia mti mwingine. Nilirudi garini nikafunga mlango kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, na tulipoteremka upande wa pili nikaendesha kama mwehu. Baba aliuliza mara moja tu kama tunafukuzwa na polisi.

Hata hivyo tulilala Midelt. Binamu yangu wa huko alikuwa amepigiwa simu na Shangazi Tamou, akatungoja barabarani, katikati ya barabara hasa, mikono ameitandaza, na akaapa kwa haki ya Mungu kwamba tukimpita atamwacha mkewe. Baba akasema hatuwezi kuvunja ndoa ya watu kwa ajili ya ndege. Nilikula matufaha yao nikiwa nimekunja uso hadi mke wa binamu akaniuliza kama yana wadudu.

Nilikuwa nikihesabu moyoni. Hubara hucheza asubuhi mapema, na tena jua linapoelekea kulala. Kama tungefika Jumatano jioni, kama tulivyopanga, tungekuwa na alfajiri tatu. Sasa ilikuwa Ijumaa, na Jumamosi lazima tugeuze, kwa sababu duka la dawa halina mtu. Tulibakiwa na jioni moja na alfajiri moja. Watu wanadhani wakarimu hawana madhara. Mimi nasema jambazi angalau ukimpa anachotaka anakuachia njia.

Uwanda ulitufungukia baada ya mji wa Missour. Hapo barabara inanyooka na ardhi inakuwa moja tu, majani makavu ya halfa na vichaka vifupi vya shihi mpaka jicho linachoka, na upepo hauna pa kujificha. Baba alishusha kioo. Alitoa kichwa nje, ndevu zikipepea, akavuta pumzi ndefu.

"Haijabadilika," alisema.

Nilijua haoni zaidi ya kahawia na buluu. Lakini uso wake ulikuwa wa kijana anayekwenda kuripoti kazini, na kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani hasira yangu ilipoa. Nilimwambia, "Leo jioni, Baba." Akanipiga kidogo gotini, akasema, "Inshallah."

Haji Lakhdar alitupokea uani na watu wote wa nyumba yake. Alikuwa mzee mrefu, mpana, goti moja bovu, sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na upepo. Alimkumbatia Baba, akambusu bega, Baba akambusu lake, wakabishana nani aingie kwanza, na mimi nikasimama na mabegi nikiangalia jua. Mkewe, Lalla Yamna, alinimiminia maji ya kunawa huku akiniita bibi harusi, ingawa sikuwa na bwana harusi hata wa kusingiziwa.

"Haji," nilisema mara tu tulipokaa, "huyo ndege, bado yupo nyuma ya kilima?"

"Binti ya mwalimu ana haraka!" Alicheka meno yote nje. "Kula, mwanangu. Ndege hana miguu ya kukukimbia."

Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa ni siku ya kuskusi ya ngano. Waliingiza sahani ya udongo iliyobebwa na watu wawili, mvuke ukitangulia, karoti, maboga na njegere zimepangwa kama mlima, na juu ya mlima nyama. Haji alisema bismillah. Alichambua kwa mkono wake mwenyewe, kama mwenyeji anavyotakiwa, akasukuma mapande manono upande wa Baba. Nyama ilikuwa nyeusi. Mfupa wa kifua ulikuwa mrefu, mwembamba, si wa kuku wala wa bata mzinga. Niliuangalia mfupa ule. Nimeshika mifupa ya ndege tangu utotoni, Baba alinifundishia hisabati kwayo, na mkono wangu ulikuwa umekwisha jiondoa sahanini kabla akili haijakubali.

"Haji," nilisema. "Hii ni nyama gani?"

Haji Lakhdar alitungoja tumtazame sote. Alikuwa na uso wa mtu anayempa mtoto zawadi ya Idi.

"Si mmesafiri nchi nzima kwa ajili yake? Huyo hapo. Kijana wangu amelala uwandani siku mbili ili asimkose, leo alfajiri kampata. Nilisema atakungoja mlangoni, mkwe, hakuweza kungoja. Nikamtia ndani."

Sijui nilisema nini. Nadhani nilisema, "Baba alikuwa amekuja kumwona." Nadhani nilisema mara nyingi.

"Amwone?" Haji alistaajabu kweli, na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote, kwamba mzee yule hakuwa na chembe ya ubaya. "Najua alitaka kumwona. Lakini, mwanangu, mkwe wangu aje kutoka baharini, nimpeleke nyuma ya kilima, nimwambie lala chini kwenye mawe, chungulia kwa mbali? Kama maskini anayechungulia harusi ya watu? Na watu wa huku wasikie? Wallahi hata kaburini nisingelala. Mgeni akitaja kitu, kitu hicho kinawekwa mbele yake. Hivyo ndivyo walivyotulea."

"Lakini ni marufuku kumwinda! Sheria—"

"Sheria ni ya watu wasio na wageni."

"Ghizlane," Baba alisema.

Hakuinua sauti. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya sahani, akilitafuta kwa vidole pande lililosukumwa upande wake. Alilipata. Akalikunjia kwenye kuskusi, akaviringa tonge dogo, zuri, kama walavyo watu wa huko, akalitia mdomoni. Alitafuna polepole. Nilimwona koo likipanda na kushuka.

"Mungu akuongezee kheri, Haji," alisema. "Sijapata kula chakula kama hiki."

Akala tena, na tena, na Haji akawa anachambua na kusukuma, anachambua na kusukuma, akimsimulia jinsi ndege yule alivyokuwa mzee na mjanja. Kwetu husemwa mgeni njoo mwenyeji apone. Siku ile nilimwona mwenyeji akinawiri na mgeni akifa kidogo kidogo mbele yangu, huku anasema asante. Mimi sikugusa kitu. Lalla Yamna alinisogezea boga, kisha asali, kisha akaacha.

Nimekwisha sema kwamba Baba alinitaka ninyamaze juu ya macho yake, na nilikuwa nimenyamaza. Nilinyamaza Meknes, nikanyamaza chini ya mierezi, nikanyamaza Midelt. Lakini Haji alipojifuta mikono, akaegemea mto, na kusema kwa bashasha, "Basi mwakani mje mapema, mkwe, labda Mungu ataleta mwingine," kitu kilinikatika.

"Hakuna mwakani, Haji! Baba anapofuka. Mwakani hataona hata mkono wako. Alitaka kumwona ndege wako akicheza mara moja kabla macho hayajazima, na wewe umempika na karoti!"

Lalla Yamna aliweka kiganja mdomoni. Baba hakunigeukia. Masikio yake yalikuwa mekundu kama ya mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa, na nilijua nimemvua nguo mbele ya wakwe zake. Nilijua pia kwamba nikirudishwa nyuma ningesema tena, neno kwa neno.

Haji Lakhdar alimsogelea Baba. Aliinua mkono, akaupitisha taratibu upande wa shavu lake, mahali ambapo mtu yeyote angeuona. Baba hakupepesa.

"Bouselham," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina tupu. "Ni kweli?"

"Kidogo," alisema Baba.

"Na hukuniambia."

"Ungesikitika."

Nilimuuliza Haji, kwa sauti ambayo sikuitambua, kama wapo hubara wengine. Alitikisa kichwa bila kuniangalia. Zamani, alisema, kila kilima kilikuwa na wake, ukiamka unawaona weupe huku na huku kama nguo zilizoanikwa. Kisha wakaja wawindaji na magari, kisha ukame. Yule alikuwa wa mwisho upande huu. "Mimi mwenyewe nilimlinda," alisema. "Niliwafukuza watu kwa mawe. Nilisema huyu namweka kwa ajili ya siku ya heshima."

Alisema hivyo akiangalia mifupa kwenye sahani. Nilitaka kumchukia, ikawa kama kuuma maji.

Sikumbuki chai ya mchana ule. Nakumbuka kwamba jua lilipoanza kulegea Haji alisimama, akaegemea fimbo yake, akamwambia Baba, "Twende nikakuonyeshe mahali pake, angalau." Baba akasimama mara moja. Mimi niliwafuata kwa sababu hakuna aliyeniambia nisiwafuate. Walikwenda wameshikana mikono, kama wazee wa kwetu wanavyotembea, huyu anachechemea na huyu anapapasa kwa ncha ya kiatu, na mimi nyuma na darubini yangu isiyo na kazi, nikipiga mateke mawe.

Nyuma ya kilima palikuwa na uwazi mpana, karibu bapa. Ukitazama vizuri uliona njia nyembamba iliyosuguliwa kwenye vumbi, inazunguka kichaka cha shihi, inakwenda mbali, inarudi. Miaka na miaka ya miguu ya ndege mmoja. Manyoya mawili matatu meupe yalikuwa yamenasa kwenye miiba. Baba alipiga magoti, akaigusa ile njia kwa kiganja, akaifuata mpaka mkono ulipofika mwisho.

"Anapita hapa," alisema.

"Hapo hapo," alisema Haji. "Sasa kaeni nyuma ya mawe yale. Mimi nilikuwa nakaa hapo, nikichunga. Upepo unatoka kwake kuja kwako."

Tulikaa. Haji alituacha, akaenda zake uwandani akichechemea, fimbo ameiacha chini. Nilidhani anakwenda kujisaidia, au kulia, wanaume wazee wa huko huenda mbali kwa yote mawili. Alikuwa bado amevaa nguo zake za Ijumaa, joho jeupe la sufu lenye kofia ndefu. Alifika kwenye kile kichaka, akasimama na mgongo ukitugeukia. Jua lilikuwa limeinama ubavuni mwake.

Kisha akainua mikono, akashika kofia ya joho, akaivuta mbele mpaka ikamfunika uso wote. Akarudisha kichwa nyuma, kikazama mabegani. Akalitunisha joho kwa viwiko, likajaa upepo, na pale aliposimama mzee pakawa na kitu kikubwa, cheupe, kisicho na kichwa.

Akaanza kukimbia.

Alikimbia kwa miguu mirefu, akiinyanyua juu mno, lile goti bovu likimtupa upande kila hatua. Aliifuata njia ya vumbi. Alizunguka kichaka, akaenda kushoto ghafla, akakata kulia, akazunguka tena, haoni kitu, sufu yote mbele ya macho yake. Alijikwaa, akapiga goti chini, akainuka, akakimbia. Mwisho wa mzunguko alisimama wima, akatetemesha mabega mpaka joho zima likawa linacheza, na kutoka ndani ya kofia ikasikika sauti nzito, ya chini, kama mtu anayepuliza kwenye mtungi. Mara moja. Mara ya pili. Kisha akarudisha kichwa nyuma tena na kuanza upya.

Nilishindwa kujua nicheke au nipige kelele. Haji mzima, babu wa watoto wa kaka yangu, anakimbia kama mwehu kwenye mawe! Atavunjika nyonga, niliwaza, na tutakuwa tumeharibu na hilo pia. Niliona damu kwenye mkono wake. Nikainuka nusu, nikaweka viganja mdomoni nimwite aache, yatosha, Haji, yatosha.

Kitu kilinivuta sketi.

Baba alikuwa amechukua darubini kutoka shingoni mwangu bila mimi kuhisi. Alikuwa ameiweka machoni, viwiko vimekita juu ya jiwe, kidole kikizungusha gurudumu polepole, mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka kikatulia. Mdomo wake ulikuwa wazi. Kichwa chake kilikuwa kinakwenda kushoto na kulia taratibu, kikifuata.

"Kaa chini, Ghizlane," alinong'ona. "Utamshtua."

Nikakaa.